Elimu-Muhuri: Uainishaji wa Wakaaji wa Muda, kwa Ushahidi wa Kilwa na Lindi

Wataalamu wameainisha karibu kila kitu katika pwani ya kusini. Mikoko imegawiwa makundi, samaki wa Songo Songo wamepewa majina ya Kilatini, na vigae vya Husuni Kubwa vimepangwa kwa karne na kutiwa namba. Kiumbe mmoja ameachwa bila kabati: binadamu aliyeingia nchi isiyo yake kwa ruhusa yenye tarehe ya mwisho. Makala haya yanaziba pengo hilo. Tunaanzisha elimu-muhuri, taaluma inayochunguza uhusiano wa mgeni na tarehe iliyoandikwa ndani ya pasipoti yake. Uwanja wetu wa utafiti ni Kilwa na Lindi, kwa sababu ni miongoni mwa pwani chache za Afrika Mashariki zilizopokea wageni wa aina nyingi hivi, zikawaona wakiondoka, na zikawaona wengine wakikataa kuondoka.

I. Chimbuko la tarehe ya mwisho

Kabla ya Idara ya Uhamiaji kulikuwa na Idara ya Upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi ikianza Aprili, huyarudisha. Nahodha aliyetia nanga Kilwa alikuwa na kibali cha miezi michache, kisichohitaji picha wala barua ya mdhamini. Aliyezembea akapitwa na kusi alingoja msimu mwingine, akiwalisha mabaharia wake kwa mfuko wake mwenyewe. Faini hiyo haikuwa na rufaa, na afisa aliyeitoza hakuwa na dirisha la kuulizia.

Wanahistoria wengi wanaueleza utajiri wa Kilwa kwa njia hii hii. Dhahabu ilikuwa Sofala, kusini zaidi, katika Msumbiji ya leo. Mfanyabiashara wa Arabuni aliyetaka kwenda na kurudi ndani ya msimu mmoja aliweza kufika Kilwa. Akijitia kuendelea hadi Sofala, upepo wa kurudi ungemkimbia. Basi Wakilwa waliifuata dhahabu wenyewe, wakaileta, wakamuuzia mgeni mlangoni kwa bei ya mwenye nyumba. Kwa lugha ya taaluma yetu: mji ulitajirika kwa ukomo wa vibali vya watu wengine. Husuni Kubwa, jumba lenye birika la kuogea lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, ni tarehe za mwisho za watu zilizogeuzwa matumbawe na chokaa.

Sheria ya pili ya kale ni ya nchi kavu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wasomi wa fasihi huihesabu methali. Sisi tunaihesabu kanuni ya uhamiaji, tena fupi kuliko zote zilizowahi kutungwa. Inatoa ruhusa ya matembezi ya siku mbili, na kukipambazuka siku ya tatu inaibadili yenyewe kuwa ruhusa ya kazi, bila ada na bila fomu. Tunatahadharisha tu kwamba leo kanuni hiyo inagongana na sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni. Ukimpa mgeni jembe bila kibali kutoka kwa Kamishna wa Kazi, mnaweza kujikuta mna kesi nyote wawili, wewe na aliyelishika jembe.

II. Madaraja

Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 inagawa vibali vya ukaazi katika madaraja matatu: A kwa mwekezaji na anayejiajiri, B kwa aliyeajiriwa, na C kwa mwanafunzi, mtafiti, mmisionari, anayejitolea na wengine wa namna hiyo. Mgawanyo huo unamtazama mgeni kwa shughuli aliyokuja kuifanya. Elimu-muhuri inauliza jambo la msingi zaidi: siku ya mwisho itamkuta wapi, na mikononi ana nini? Kwa kigezo hicho tunapata madaraja sita.

Daraja la Kwanza: Mfuata-upepo. Kielelezo ni Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Aliusifu mji, akamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba maskini mmoja kutoka Yemen alimsimamisha Sultani akitoka msikitini Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaenda kubadili, akampa. Mbele ya mwenyeji wa aina hiyo, wageni wengi wangeshusha mabegi yote. Ibn Battuta alipanda chombo akaelekea Dhofar. Hakuacha deni wala kesi. Aliacha maelezo ambayo watafiti wanayatumia mpaka leo. Spishi hii ni adimu.

Daraja la Pili: Mbadili-kibali. Huyu huingia kama mgeni na kabla hujageuka ameshakuwa mwenye nyumba. Tarikh ya Kilwa inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan, mwana wa Shirazi, alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Mtawala wa bara alipojuta na kutaka kurudi na watu wake wakati maji yamekupwa, alikuta mkondo umechimbwa na njia imejaa maji. Wanaakiolojia wana mashaka yao juu ya kisa hicho na miaka yake. Sisi tunakichukua kama rekodi ya kwanza ya mgeni kugeuza viza ya matembezi kuwa hatimiliki, kisha kufunga dirisha la malalamiko.

Wafuasi wake hawajaisha. Utamkuta mmoja katika fukwe za Kilwa Masoko, ameingia kwa viza ya kawaida ya siku 90, na wiki ya pili tayari anapima kwa hatua eneo la kujenga nyumba ya wageni. Tumkumbushe kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimgawii ardhi asiye raia isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na kwa kupitia mamlaka husika. Angekuja leo na robota zake za nguo, Ali bin al-Hasan angeelekezwa Dar es Salaam akasajili mradi.

Daraja la Tatu: Mwenye ngome. Sifa yake ni kwamba haombi. Vasco da Gama alifika mwaka 1502 na mizinga, na badala ya mgeni kulipa ada, mwenyeji ndiye aliyetozwa. Dhahabu ya Kilwa ilipelekwa Lisbon, ikafuliwa chombo cha ibada kilichokamilika mwaka 1506, na chombo hicho bado kiko kwenye makumbusho huko. Mwaka 1505 alikuja Francisco de Almeida, akauteka mji na kujenga ngome pale lilipo leo gofu liitwalo Gereza. Mwaka 1512 Wareno waliondoka. Hakuna aliyekataa kuwaongezea muda, kwa kuwa hawakuuomba. Mji wenye biashara iliyovurugwa haukuwa na faida ya kulipia walinzi. Daraja hili huondoka hesabu zinapokataa, na huacha jengo.

Daraja la Nne: Mwenye mkataba mrefu. Huyu ana karatasi, tena nzuri, yenye sahihi na miaka mingi. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana na Sultani wa Kilwa mkataba wa miaka 100, wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Dhihaka ya makala haya inakoma hapo kwa muda, maana waliohesabiwa katika karatasi ile hawakuwa na ruhusa ya kukaa wala ya kuondoka. Inatosha kusema kwamba kabla ya miaka ya 1780 kwisha, Kilwa ilikuwa chini ya Waomani. Kufikia miaka ya 1840 sultani wa mwisho wa Kilwa mwenyewe alipelekwa Muscat. Msomaji na aone: katika pwani hii hata mwenyeji amewahi kusafirishwa kwa nguvu kutoka kwake.

Kielelezo cha pili cha daraja hili ni Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Aprili 1888 ilipangishiwa pwani kwa miaka 50, na aliyetoa kibali alikuwa Sultani wa Zanzibar. Watu wa Kilwa hawakuulizwa. Septemba ya mwaka ule ule waliwapa maofisa wawili wa kampuni siku mbili za kuondoka. Hawakuondoka, wakauawa. Wajerumani walirudi na jeshi, na kilichofuata, mpaka vitanzi walivyowanyongea wapinzani wao Kilwa Kivinje, kinajulikana. Kwa upande wa nadharia, funzo ni dogo na kavu: muda ulioandikwa kwenye karatasi una thamani pale tu unapotambuliwa na yule unayeishi kwake.

Daraja la Tano: Aliyesafirishwa. Hapa tunawaweka wana wa pwani walio ng'ambo bila kuomba. Kielelezo kikuu ni mjusi wa Tendaguru, dinosaria mwenyeji wa Lindi, mwenye umri wa miaka takribani milioni 150. Kati ya 1909 na 1913 wachimbaji wa Kitanganyika, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani na kuongozwa na Wajerumani Werner Janensch na Edwin Hennig, walifukua mifupa yenye uzito wa zaidi ya tani 200. Wapagazi waliibeba vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Tangu 1937 mjusi amesimama mjini Berlin, kimo cha zaidi ya mita 13, miguu minne chini na hana muhuri hata mmoja. Suala la kumrudisha limefika katika Bunge la Tanzania zaidi ya mara moja. Kwa vipimo vyetu, huyu ndiye mwana wa Lindi aliyekaa Ulaya muda mrefu kuliko wote bila kuhuisha makaratasi, na ndiye pekee ambaye wenyeji wa huko wanalipa kiingilio kumwona.

Katika daraja hili tunaziingiza pia sarafu tano za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje, watafiti hawajakubaliana. Kwa kuwa hakuna anayeijua tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka haiwezi kukokotolewa, na jalada limebaki wazi.

Daraja la Sita: Mwana wa pwani ughaibuni. Hili ndilo daraja pana zaidi, na lina jamii ndogo nne.

Ya kwanza ni msoma-stika. Ana viza ya Marekani, anaiona tarehe iliyo kwenye stika, anatulia. Hajui kwamba tarehe ile inahusu siku za kubisha hodi mpakani. Muda wa kukaa ndani umeandikwa katika kumbukumbu ya kuingia iitwayo I-94. Stika inaweza kusema mwakani ilhali I-94 inasema mwezi ujao. Akipitiliza zaidi ya siku 180 kisha akaondoka, anaweza kufungiwa miaka 3. Akipitiliza mwaka mzima, miaka 10.

Ya pili ni mhesabu-vidole. Yuko katika nchi za Schengen, ambako mgeni wa muda mfupi hupewa siku 90 ndani ya kila siku 180. Yeye hufikiri akitoka Jumapili na kurudi Jumatatu hesabu inaanza upya. Kumbe dirisha la siku 180 linatembea naye, na kila asubuhi linatazama nyuma. Zamani aliweza kutumaini muhuri uliofifia. Tangu Oktoba 2025 mpaka umeanza kuweka kumbukumbu za kuingia na kutoka kwenye mashine, pamoja na alama za vidole, na mashine haina wino wa kufifia.

Ya tatu ni mtegemea-kalamu. Yuko Ghuba, mara nyingi dada wa kazi za ndani, na ukaazi wake unahuishwa na mwajiri. Asubuhi anafua, mchana anapika, jioni anabembeleza mtoto wa watu; usiku mmoja kadi yake inakwisha, na yeye hajavuka hata kizingiti. Sheria itamwita aliyepitiliza. Elimu-muhuri inakataa kumwainisha hivyo, kwa sababu aliyepitiliza ni yule aliyekuwa na kalamu. Kwake tunatoa ushauri mmoja wa maana: awe na picha ya kadi na ya pasipoti katika simu yake, na nakala kwa ndugu nyumbani, na aijue tarehe yake kwa kichwa kama anavyoijua siku ya kuzaliwa mwanawe.

Ya nne ni bado-bado. Huyu yuko Uingereza, anabeba boksi, anajua kila kitu, tarehe anaijua, fomu anaijua, wakili anamjua. Ukimuuliza atasema, "Kaka, bado bado." Wiki ya mwisho anaanza kuulizia mambo ya kuoa, au minong'ono ya kujilipua, yaani kuomba ukimbizi kwa kujidai raia wa nchi nyingine. Ndiye aliyetupa mtihani mgumu zaidi wa kitaaluma, kwani ujinga hana, na umaskini si sababu.

III. Uchunguzi wa uwandani

Nadharia bila uwanda ni porojo. Tumweke mgeni wa mfano katika ofisi ya uhamiaji ya wilaya yoyote ya pwani hii, tuseme Kilwa Masoko. Ni Mzungu kijana, mwalimu wa kujitolea, ana bahasha ya kaki iliyolowa jasho. Ndani mna picha ndogo, nakala ya ukurasa wa kwanza wa pasipoti iliyotolewa stationery ya ng'ambo ya barabara, na barua ya shule. Ni Alhamisi, mwisho wa Ramadhani.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Karibu, keti. Nione pasipoti."

Afande anaifungua kuanzia nyuma, kama wanavyofanya wenye uzoefu, anasimamisha kidole gumba juu ya muhuri.

"Muda wako unakwisha lini, mwalimu?"

"Jumatatu. Bado siku nne, afande."

"Nne za kalenda, au nne za kazi?"

Mgeni ananyamaza. Afande anamhesabia taratibu, kwa upole wa mtu mwenye funga. Kesho ni Ijumaa, na baada ya sala ya adhuhuri ofisi itakuwa na watu nusu. Mwezi ukiandama kesho usiku, Idd ni Jumamosi na Jumapili. Usipoandama, Idd ni Jumapili na Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku yake ya mwisho. Atakayetangaza ni Mufti, na Mufti hajapewa nakala ya pasipoti. Isitoshe, barua ya shule haina muhuri, mwenye muhuri yuko Dar es Salaam, na kutoka Masoko hadi Dar ni kilomita zipatazo 300. Kumbukumbu namba ya malipo itatoka leo ikiwa mtandao utakuwepo.

"Mwalimu, ungekuja mwezi uliopita tungekamilisha mapema, ningekualika na futari. Haya, kimbia na hiyo barua."

Kutokana na uchunguzi huu tunapata Kanuni ya Karatasi Fupi. Kibali cha ukaazi hakisimami peke yake. Nyuma yake kuna kibali cha kazi, nyuma ya kibali cha kazi kuna barua ya mwajiri au mdhamini, na chini ya vyote kuna pasipoti yenyewe. Mgeni huitazama tarehe iliyo mbali na kujipongeza. Anayejua huitafuta tarehe iliyo karibu kuliko zote katika mlolongo mzima, akaanzia hapo. Wapo waliowahi kukamilisha kila fomu, wakakwamishwa na pasipoti iliyobakiza miezi mitano wakati iliyotakiwa ni sita.

Kuna kinyume chake pia, nacho kinastahili kutajwa kwa ukamilifu wa elimu. Nchini Uingereza kadi nyingi za ukaazi ziliandikwa kwamba zitakwisha tarehe 31 Desemba 2024, hata pale ambapo ruhusa ya mwenye kadi ilikuwa ndefu kuliko hapo, kwa kuwa serikali ilikuwa ikihamia kwenye mfumo wa kielektroniki. Watu walipatwa na homa ya bure. Tarehe ya kadi na tarehe ya ruhusa ni viumbe viwili, na anayevichanganya atapata hasara ama upande huu ama ule.

IV. Hoja za wapinzani

Kila tulipowasilisha nadharia hii barazani, palitokea mzee wa kusema kwamba ardhi ni ya Mungu, na kwamba babu zetu walitoka Lindi wakafika Sur na Ngazija bila pasipoti wala afande. Hoja inapendeza, ila imesahau upepo. Babu alikuwa na tarehe kali kuliko yetu. Upepo haukuwahi kumwongezea mtu hata juma moja kwa sababu ana mgonjwa. Kwa hiyo babu alianza kuziba chombo kalafati na kukipaka sifa wakati wageni wenzake bado wanapiga gumzo, na upepo ulipogeuka ulimkuta tanga liko juu.

Mpinzani wa pili husema kwamba waliopitwa na upepo hawakufa; walioa, wakazaa, na nusu ya pwani ni wajukuu zao. Hili hatulikatai. Tunamjibu tu kwamba wale walipokelewa na jumbe wa mji, wakaeleza shida yao, wakapewa mahali pa kulala na watu wa kuwadhamini. Hawakujificha kwenye mikoko. Hata waliopitwa na msimu walibisha hodi.

V. Hukumu

Tumepitia madaraja sita na zaidi ya miaka 600, na tofauti iliyojitokeza kila mara ni moja. Ibn Battuta na mzungumzaji wa bado-bado wote waliijua siku yao ya kuondoka. Mmoja alikuwa ameshatenda kabla haijafika. Ruhusa inayoombwa kabla ya tarehe ni ombi, na ombi linaweza kusikilizwa. Inayoombwa baada ya tarehe ni msamaha, na msamaha una faini. Sheria ya Uingereza imeliweka hili wazi: ukiomba kuongezewa kabla muda wako haujakwisha, ukaazi wako unaendelea kuwa halali wakati unangoja jibu. Ukiomba siku moja baadaye, unangoja ukiwa mkosaji. Siku moja hiyo ndiyo elimu-muhuri yote.

Basi msomaji, uwe Muscat, Leicester, Houston au chumba cha kupanga Kilwa Masoko, weka makala haya chini na uchukue pasipoti. Soma tarehe yake ya kwisha, kisha ya kibali, kisha ya barua iliyokuleta. Iliyo karibu kuliko zote, rudi nyuma miezi mitatu, uandike siku hiyo ukutani. Ikiwa ni pasipoti ya Tanzania ndiyo inayokwisha, anza nayo hiyo, kwa sababu nchi nyingi hazitakuongezea muda ndani ya kitabu kilichokwisha.